Somo la Maji: Umeme Unavyonasa Floraidi
Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiasi, ndiyo maana meno ya watoto wengi huwa na rangi ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua, floraidi hukolea zaidi.

Wanafunzi wa chuo kikuu wanaweza kujifunza suluhisho kwa vitendo. Vipande viwili vya alumini hutumbukizwa majini na kuunganishwa na betri. Alumini huyeyuka polepole na kufanya mabonge madogo yanayonasa floraidi. Maji huchujwa, kisha hupimwa: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Mkazi, usinywe maji ya jaribio. Alumini yaweza kubaki. Anza kwa kupima kisima chako.