Kisomo cha Watu Wazima: Kijitabu kwa Asomaye na kwa Asomewaye

Huenda wewe uliyekishika kijitabu hiki unawasomea wenzio waliokaa barazani, na miongoni mwao yumo mzee ambaye kila akiletewa hati husingizia kuwa miwani ameisahau nyumbani, kisha akaomba wino atie dole gumba. Huyo ndiye aliyekusudiwa na maneno haya, na yafaa afahamu tangu awali kwamba kutojua kwake kusoma si aibu ya kuificha, bali ni deni ambalo Serikali ya Tanzania ilikwisha kulikiri hadharani zamani.

Sensa ya 1967 ilidhihirisha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutoa hoja yake mwaka 1964, alipouwasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano: kwamba watoto, hata wakifundishwa vyema namna gani, itapita miaka mingi kabla jitihada yao haijaonekana katika uchumi wa nchi, ilhali wazazi wao wanalima, wanajenga na kulea leo hii. Ndipo 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake wilaya sita, yaani Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam, zikatakiwa ziufute ujinga kabla ya 1971 kwisha.

Lakini amri peke yake haimfundishi mtu herufi, na siri ya kazi ile, kwa rai yetu, ilikuwa Mwanza, ambako tangu 1968 Serikali na UNESCO walikuwa wakijaribu kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima hakupewa kitabu cha kitoto. Alipewa kitabu cha pamba, na mvuvi akapewa cha uvuvi, hata neno la kwanza alilolitambua mtu ubaoni likawa ni neno alilokwisha kulibeba mgongoni miaka ishirini. Aliyekuwa akisimama mbele ya mizani ya chama cha ushirika bila kujua karani ameandika nini katika stakabadhi yake, hakuhitaji kushawishiwa sana kuhudhuria.

Gharama haikuwa kubwa kama wengi wadhanivyo. Kila shule ya msingi ilifanywa pia kituo cha watu wazima; waalimu aghalabu walikuwa wa kujitolea, wakipata posho ya shilingi 30 kwa mwezi; na Sweden ikasaidia karatasi na mitambo ya kupigia chapa. Redio nayo iliingia kazini: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza, wakijadiliana, kisha wakiondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hata kufikia 39 katika kila 100, na mwaka 1986 ikahesabiwa kuwa hawakutimia 10.

Hapa inatupasa kusema kweli, ingawa si desturi ya vijitabu vya namna hii. Sensa ya 2012 iliwakuta wasiojua kusoma na kuandika, wa umri wa miaka 15 na zaidi, wapata 22 katika kila 100. Vipimo vya nyakati hizi mbili si vya namna moja, wala hatupendi kuvilinganisha kama gunia na gunia. Hata hivyo dhiki ya uchumi wa miaka ya themanini haikuliacha jambo hili salama, kwa kuwa posho zilipochelewa waalimu walitawanyika, na magazeti ya vijijini, mfano wa lile la Elimu Haina Mwisho lililoanzishwa Mwanza mwaka 1974, yalipoadimika, mtu aliyejua kusoma jana hakuwa na cha kusoma leo. Herufi zisizotumiwa humtoka mtu kama lugha ya ugenini aliyojifunza safarini. Kwa hiyo msaada wa Serikali usipimwe kwa madarasa yaliyofunguliwa tu. Pima pia kama kuna chochote cha kusoma baada ya darasa.

Ukitaka kuanza, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, au kwa afisa wa elimu ya watu wazima wilayani, uulizie mpango wa MUKEJA, ambao wanakisomo wenyewe huchagua humo wanachotaka kujifunza pamoja na mradi wa kuwapatia kipato. Kijana aliyekosa shule ana mpango wake, MEMKWA. Una haki ya kutaka saa za masomo zisigongane na shamba wala jikoni, jambo linalowahusu hasa akina mama, ambao ndio wengi katika madarasa haya na ndio wa kwanza kukatizwa. Watakaokucheka kwa jina la ngumbaru waache wacheke.

Nawe mzee wetu, siku ya kwanza usiende mikono mitupu. Chukua stakabadhi ya mauzo yako ya mwisho, au kadi ya kliniki ya mjukuu, umwombe mwalimu aanzie hapo.