SOMO LA UFUNDI: USUKANI ULIOKAA UPANDE



Land Rover za zamani, hasa zile za Series III zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, zingali zikipita katika barabara za vijijini zikiwa zimebeba mbolea, magunia na watu. Hutokea dereva wa gari la namna hiyo akaja ofisini kueleza kwamba usukani umekaa upande: gari linakwenda moja kwa moja, lakini mikono ya usukani imeinama. Fundi wa jirani huahidi kwamba atauchomoa, atauzungusha kidogo na kuurudisha, kazi ya nusu saa. Kwa kuwa gharama ni ndogo, Katibu hutia sahihi bila kuuliza zaidi. Ni vema aulize.

Usukani hauhami mahali pake wenyewe. Ndani ya kitovu chake mna vijino vinavyoshikana na vijino vya mhimili, kisha nati huubana kwa juu. Kwa hiyo, ikiwa mwezi uliopita ulikuwa sawa na leo umeinama, kilichobadilika aghalabu kiko chini: pengine rodi imepinda kwa kugonga kisiki, kibano cha rodi kimelegea, au boliti zinazoshika boksi la usukani zimeachia. Huenda pia kiungo kipya kilifungwa bila urefu wa rodi kupimwa. Fundi anayeugeuza usukani huondoa dalili na kuacha ugonjwa, na rodi iliyopinda hubaki ikingoja korongo la pili.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Boksi la usukani hurekebishwa ili meno yake yabanane vizuri zaidi katikati, kwa sababu humo ndimo gari linamotumia sehemu kubwa ya safari. Boksi likiwa nje ya katikati gari linapokwenda mbele, usukani huwa na mchezo, na dereva huhangaika kulishika gari barabarani. Tena gari laweza kukata kona vizuri upande mmoja na kwa shida upande wa pili.

Hivyo basi, kazi ianzie chini. Upepo wa matairi upimwe kwanza. Mara nyingine gari huvuta upande kwa sababu hiyo tu. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo, ya mbele yainuliwe kwa jeki na gari liwekwe juu ya stendi imara. Kila rodi na kiungo vikaguliwe kwa macho na kwa mkono. Baada ya hapo rodi inayotoka kwenye boksi itenganishwe, ndipo mizunguko ihesabiwe. Hapa mafundi wengi hukosea: wakihesabu rodi ikiwa imefungwa, wanapima mwisho wa magurudumu, si mwisho wa boksi. Usukani uzungushwe polepole, bila kugongesha boksi kwa nguvu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikipatikana mizunguko mitatu na nusu, katikati ni mzunguko mmoja na robo tatu. Boksi liachwe hapo, magurudumu yaelekezwe mbele, na rodi irudishwe. Isipoingia bila kulazimishwa, urefu wake ndio urekebishwe, na vibano vikazwe.

Baada ya haya yote, ikiwa boksi liko katikati, magurudumu yanatazama mbele, na usukani bado umeinama, basi kosa ni la aliyeufunga mara ya mwisho, na sasa una haki ya kuchomolewa.

Waya wa betri ufunguliwe kwanza, kwa ajili ya honi. Kifuniko cha katikati kibanduliwe, na alama itiwe kwenye kitovu na kwenye mhimili. Nati ilegezwe lakini isitolewe yote; iachwe imeshika nyuzi chache, kwani usukani uliong'ang'ania huweza kuachia ghafla na kumpiga fundi usoni. Kitumike chombo cha kuvutia chenye mikono miwili. Nyundo isiguse ncha ya mhimili, maana huharibu nyuzi na kuumiza beringi za boksi.

Wakati wa kurudisha, ikumbukwe kwamba usukani husogea kwa jino zima. Tuseme mhimili una meno 48: jino moja ni nyuzi 7 na nusu. Mwinamo ulio chini ya hapo hauwezi kuondolewa hivi. Urekebishwe kwenye rodi. Swichi ya taa za ishara nayo itazamwe kama inajizima baada ya kona za pande zote mbili. Nati ikazwe kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha gari hilo. Magari mapya yenye mfuko wa hewa ndani ya usukani hayahusiki na somo hili hata kidogo. Mfuko huo hulipuka, na unamhitaji fundi aliyefunzwa.

Gari lijaribiwe kwanza uwanjani, bila abiria wala mzigo, kisha barabarani kwa mwendo mdogo. Katika daftari la gari Katibu aandike ni rodi ipi iliyorekebishwa na kwa nini, wala asiridhike na maneno "usukani umetengenezwa". Baada ya safari ya kwanza, vibano na nati vikaguliwe tena kwa spana.