Somo la 14: Ngeli ya Mahali (PA-KU-MU)

Lengo. Baada ya somo hili, mwalimu mwanafunzi aweze kutofautisha viambishi pa-, ku- na mu-, na kusahihisha makosa ya upatanisho yanayotokana na lugha ya kwanza ya wanafunzi wake.

Kifungu cha kusoma

Njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227, hupita kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi. Alfajiri msafiri mmoja aliondoka Rubavu kwa baiskeli, mjini kungali kimya. Vitu vizito alikuwa amevipanga chini kabisa mifukoni, kila upande wa gurudumu la nyuma, ili baiskeli isiyumbe. Mifukoni mwake hamkuwa na kitu kisicho na kazi, kwani mlimani kila kilo huhisiwa miguuni.

Barabara iliacha ufuo, ikaanza kupanda. Mlimani kulikuwa na migomba na mibuni. Mwinuko ulipozidi, alishuka akasukuma. Kileleni palikuwa na mti mmoja. Akapumzika kivulini pake, huku akitazama mitumbwi ya wavuvi kule ziwani.

Mteremko ulimtia hofu kuliko mwinuko, maana baiskeli yenye mzigo haisimami upesi. Alikuwa akibana breki kidogo, kisha akiziachia, zisije zikashika moto. Darajani palikuwa na changarawe kali, na hapo tairi likapata pancha. Mkobani mlikuwa na gundi na viraka, lakini pampu haikuwamo. Akamwuliza kijana mmoja aliyekuwa karibu na duka lililofungwa.

“Duka lipo hapa, kaka,” akajibu kijana. “Pampu imo ndani. Ila ufunguo uko Kinunu.”

Msafiri hakuuliza zaidi. Aliinamia usukani, akaanza kusukuma.

Ufafanuzi

1. *Pa-* huonyesha mahali mahususi, panapojulikana au panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: *kileleni palikuwa na mti*. *Ku-* huonyesha eneo pana, lisilo dhahiri au la mbali: *mlimani kulikuwa na migomba*. *Mu-* huonyesha ndani: *mkobani mlikuwa na gundi*. Jibu la kijana limebeba viambishi vyote vitatu: *lipo*, *imo*, *uko*. Kwa neno *uko*, msafiri alielewa kwamba kungoja hapo hakungemfaa. Lau angeambiwa *upo*, angebaki palepale.

2. Nomino ikipokea kiambishi tamati *-ni*, huacha ngeli yake ya awali na kuingia ngeli ya mahali. Vivumishi vyake hufuata ngeli hiyo mpya. Husemwa *kivulini pake*, si *\*kivulini chake*. *Mifukoni mwake*, si *\*mifukoni yake*.

3. Majina mahususi ya mahali hayachukui *-ni*, lakini hutawala upatanisho wa mahali: *Kinunu kuna mibuni*.

Dokezo kwa mwalimu

Msemaji wa Kinyarwanda anazo *ku* na *mu* tangu utotoni: *ku musozi*, *mu nzu*. Maana haimpi taabu. Taabu yake imo katika upatanisho. Katika *mu nzu yanjye*, kimilikishi hufuata nomino *nzu*, wala hakifuati *mu*. Ndiyo sababu mwanafunzi huandika *\*nyumbani yangu* akiamini amepatia. Usimwambie tu kwamba amekosea. Andika miundo miwili ubaoni, mmoja chini ya mwingine:

katika nyumba yangu
nyumbani mwangu

Mwulize ni upi unaofanana na wa lugha yake. Ataona mwenyewe kwamba *katika* huiacha nomino na ngeli yake, kama afanyavyo nyumbani kwao, ilhali *-ni* huihamisha. Kosa lililoelezwa kwa njia hii hupungua upesi kuliko lililopigiwa mstari mwekundu tu.

Zoezi

1. Jaza kiambishi kifaacho: (a) Darajani ___likuwa na changarawe. (b) Mkobani ___angu m___na viraka. (c) Rusizi ___na baridi leo.
2. Andika upya kwa kutumia *-ni*: (a) katika shamba lake; (b) katika kikapu changu.
3. Linganisha: *Mvuvi yupo ziwani. Mvuvi yuko ziwani. Mvuvi yumo ziwani.* Ni sentensi ipi ingewafanya watu wakimbilie ufuoni? Toa sababu, kisha eleza jinsi utakavyoitumia darasani.