Mwendeshaji wa Dreja: Kazi, Uaminifu na Haki Zake

Bandari iliyo ndani ya hori au karibu na mdomo wa mto haiachi kujaa. Mto hushusha udongo wa mashamba, bamvua husukuma mchanga, na pangaboi za meli hutibua matope na kuyalaza mahali pengine. Gati namba 1 hadi 7 za Bandari ya Dar es Salaam zilichimbwa hadi kina cha mita 14.5 ili zipokee meli kubwa zaidi, lakini kina hicho hakijitunzi. Lazima kirudiwe, na anayekirudia ni mwendeshaji wa dreja, mtambo unaoelea ambao huchimba au hufyonza udongo chini ya maji.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa katika kazi hii ni kwamba hufanyika mahali pasipoonekana. Ukuta uliopinda huonwa na kila mpita njia. Sakafu ya mkondo iliyochimbwa vibaya hugunduliwa baadaye sana, na pengine anayeigundua ni nahodha ambaye chombo chake kimekwama. Wakala wa meli, rubani wa bandari na mamlaka ya bandari wote huamini nambari iliyoandikwa katika chumba cha udhibiti cha dreja. Kwa hiyo taaluma hii husimama juu ya kipimo cha kweli: ni kiasi gani kimechimbwa, wapi, na kimepelekwa wapi.

Dreja zenyewe hazifanani. Ile yenye kichwa cha kukata hujisimika kwa nguzo za chuma na kujivuta kulia na kushoto kwa winchi. Hufaa udongo mgumu na miamba laini ya matumbawe. Meli yenye tangi hutembea ikiburuta bomba la kufyonza, hujaza, kisha huenda kumwaga. Kando ya gati na penye mawe hutumika ekskaveta iliyowekwa juu ya tishari. Ujuzi wa mtambo mmoja hauhami wenyewe kwenda mwingine, na mwajiri anayemweka mtu wa tishari kwenye meli ya tangi bila mafunzo ya ziada anabeba lawama ya litakalotokea.

Kina cha mkataba hupimwa kutoka kiwango cha rejea cha ramani za bahari. Uso wa maji wa saa ile si kipimo. Katika pwani ya Afrika Mashariki, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, kwa hiyo kosa la kutofuata maji si dogo. Tuseme kina kinachotakiwa ni mita 14.5 na maji yamejaa mita 2.8 juu ya rejea: kichwa cha kuchimbia kinapaswa kuwa mita 17.3 chini ya uso wa maji. Saa sita baadaye maji yamepwa hadi mita 0.6, na kichwa kinapaswa kuwa mita 15.1. Mwendeshaji aliyekiacha palepale amechimba mita 2.2 kupita kiasi. Kwa kawaida udongo unaozidi kiasi kilichoruhusiwa katika mkataba haulipwi. Hasara hiyo ni nafuu ikilinganishwa na kuchimba chini ya mguu wa ukuta wa gati, kwa kuwa ukuta ulioondolewa udongo wa kuegemea huweza kuinama au kuanguka pamoja na kreni na watu walio juu yake.

Vifaa vya kisasa hupokea kimo cha maji kutoka kipimo cha bandari na kurekebisha vyenyewe. Hata hivyo, mwendeshaji makini hulinganisha skrini na ubao wa kusomea maji kila mwanzo wa zamu, na huandika alichosoma. Kwenye maziwa hakuna bamvua ya kuhesabu, lakini kimo hubadilika kwa misimu na miaka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hata likafunika magati na makazi ya kando. Rejea iliyowekwa miaka ya nyuma haifai kuchukuliwa kwa mazoea.

Usomaji wa geji ndio unaomtenganisha fundi na mtu wa kuvuta mikono ya mtambo. Geji mbili za pampu, ya upande wa kufyonza na ya upande wa kutolea, husomwa kwa pamoja. Mvuto wa kufyonza ukipanda ghafla huku presha ya kutolea ikishuka, mdomo wa bomba umezibwa au umezama kwenye udongo. Mvuto ukishuka na presha ya kutolea ikipanda, mchanga umeanza kulala ndani ya bomba la kutolea na njia inaelekea kuziba. Zote mbili zikishuka, pampu inavuta maji matupu au imeingiza hewa. Katika hali mbili za mwanzo hatua ya kwanza ni moja: kuinua mdomo wa kufyonza na kupitisha maji safi, kabla ya kufikiria kuzima. Pampu inayozimwa ikiwa na mchanga bombani huacha mchanga huo utuame, na kufungua bomba refu kipande kwa kipande juu ya maji ni kazi ya kutwa nzima yenye hatari zake. Kwa sababu hiyohiyo, zamu haifungwi mpaka maji yatokayo mwisho wa bomba yawe meupe.

Mvuto uliopita kiasi una madhara mengine. Maji hugeuka mvuke ndani ya pampu, viputo hupasuka kwa mlio kama wa changarawe, na chuma cha pangaboi la pampu huliwa. Mwendeshaji anayesikia mlio huo na kuendelea ili afikishe lengo la siku anaharibu mali aliyokabidhiwa.

Dreja haifanyi kazi peke yake majini. Mombasa, vivuko vya Likoni hukata njia ileile inayopitwa na meli zinazoingia Kilindini. Dar es Salaam, vivuko vya Magogoni na Kigamboni hukata mlango wa bandari. Humo humo zimo mashua, ngalawa na boti za doria. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaitaka dreja iliyo kazini ionyeshe, mchana, maumbo matatu wima: tufe, almasi, tufe. Usiku huwashwa taa nyekundu, nyeupe na nyekundu. Upande wenye kizuizi huwekwa matufe mawili au taa mbili nyekundu. Upande salama wa kupita huwekwa almasi mbili au taa mbili za kijani. Mvua kubwa au ukungu ukifunga macho, hupigwa honi moja ndefu na mbili fupi, kwa vipindi visivyozidi dakika 2.

Kosa linalojirudia ni kupandisha maumbo alfajiri na kuyasahau bomba linapohamishiwa upande wa pili. Alama iliyogeuka hivyo ni mbaya kuliko kutokuwa na alama, kwani humwelekeza mwenzako kwenye hatari akiamini yuko salama. Wavuvi wa ngalawa, kwa upande wao, wengi hawakufundishwa kanuni hizo. Ni wajibu wa mradi kukutana na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za fukwe kabla ya kazi kuanza, kueleza maana ya alama, na kuhakikisha bomba linaloelea lina taa katika urefu wake wote. Chini ya maji nako kuna mali za watu. Nyaya za mawasiliano kama SEACOM na EASSy hufika nchi kavu Mombasa na Dar es Salaam, na mabomba ya mafuta hupita chini ya bahari upande wa Mjimwema. Eneo lisilothibitishwa kwenye ramani ya huduma hizo halichimbwi, hata msimamizi akiharakisha.

Shinikizo kubwa la kimaadili katika kazi hii linatokana na namna ya malipo. Penye malipo kwa mita ya ujazo au kwa safari, huzuka kishawishi cha kuandika tangi limejaa wakati nusu yake ni maji, au cha kumwaga udongo kabla ya kufika eneo lililoidhinishwa ili safari zizidi. Mkataba wa London wa 1972 na Itifaki yake ya 1996 vinaruhusu udongo wa dreja kumwagwa baharini kwa kibali tu, na kibali hutaja mahali. Tanzania Bara, masharti ya mazingira husimamiwa na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kenya, na mamlaka yake ya mazingira, NEMA. Masharti hayo hayapaswi kukaa kwenye kabati la ofisini. Nakala yake iwe katika chumba cha udhibiti, katika lugha inayoeleweka na kila aliye zamuni.

Tope linalomwagwa pasipostahili hufunika nyasi za bahari na matumbawe, na samaki huhama. Wanaoumia wana majina na familia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kutokana na madhara ya ujenzi wa bandari mpya, ambao ulihusisha uchimbaji wa kina. Amri ya namna hiyo huzielekea serikali na miradi, lakini uharibifu wenyewe hutendeka tangi kwa tangi, zamu kwa zamu, mbele ya mtu aliyeshika mtambo.

Kitabu cha kumbukumbu ndicho ushahidi wa mtu huyo. Huandikwa saa, mahali, kina, kimo cha maji, shehena, mahali pa kumwaga, na kila hitilafu. Kosa la mwandiko hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi; halifutwi. Amri inayopingana na kibali huandikwa ilivyotolewa, pamoja na cheo cha aliyeitoa. Mwendeshaji aliyezoea kuandika hivi hupata utulivu siku wakaguzi wanapopanda chomboni.

Kuhusu usalama wa mwili, tahadhari za kawaida za chomboni zinajulikana: jaketi la kuokolea maisha, kutosimama kwenye njia ya waya wa winchi uliokazwa, kufunga umeme wa kichwa cha kukata kwa kufuli kabla ya mtu kukisogelea. Inayosahauliwa ni gesi. Tope la bandari lililooza hutoa haidrojeni salfaidi, ambayo kwa kiasi kidogo hunuka yai viza na kwa kiasi kikubwa huua hisi ya kunusa kabla ya kumuua mtu. Hakuna anayeingia tangini au kwenye chumba cha pampu kilichofungwa bila hewa kupimwa, bila kibali cha maandishi, na bila mwenzake kusimama mlangoni.

Haki za ajira zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mwendeshaji wa dreja husimama kati ya sheria mbili. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unataka mapumziko ya angalau saa 10 kwa kila saa 24 na saa 77 kwa siku 7, na unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Lakini mkataba huo hauvigusi vyombo vinavyofanya kazi ndani ya maji ya bara pekee au katika maji yaliyokingwa na maeneo ya kanuni za bandari, na huko ndiko dreja nyingi zilipo. Anayedhani ni baharia anaweza kukuta mbele ya sheria ni mfanyakazi wa kawaida. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 huweka saa 45 kwa wiki, malipo ya saa za ziada ya mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Mkataba wa ajira unapaswa kutaja bayana ni utaratibu upi unatumika, na swali hilo huulizwa kabla ya sahihi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri, na haukatwi kwenye mshahara. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nchini Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari kubwa iliyokwisha kuripotiwa kabla haijaondolewa.

Njia ya kupanda cheo huanza kwenye sitaha, hupita kwenye mabomba na winchi, na kufika chumba cha udhibiti. Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa ni milango ya mafunzo ya ubaharia. Pamoja na hayo, mwenye nia ya kufika mbali ajifunze upimaji wa sakafu ya maji kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa anayejua kusoma ramani ya kabla na ya baada huketi meza moja na mhandisi. Miradi mikubwa ya pwani hii mara nyingi hushikwa na kampuni za kigeni zinazoondoka kazi ikimalizika, na kupata sahihi ya mkuu wa dreja aliyekwisha kurudi kwao ni shida. Muda wa kazi, aina ya mtambo na kazi zilizofanywa viandikwe na kugongwa mhuri kila mwisho wa mwezi, wakati meli ingali gatini.