SOMO LA AFYA: NANI HAJAPIMWA? HESABU YA UPIMAJI WA LEHEMU KATIKA CHAMA CHA MSINGI



Zamani, msafara uliotoka Bagamoyo ulipofika Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora leo, ulitua. Hapo njia iligawanyika: moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wengine walilipwa wakaondoka, wengine wakaajiriwa, na mizigo, ambayo kila mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, ikafungwa upya kwa safari iliyobaki. Kiongozi wa msafara aliyehesabu mizigo iliyo mbele ya macho yake tu, bila kuilinganisha na orodha aliyotoka nayo pwani, asingeweza kujua kilichopotea njiani.

Somo letu linahusu hesabu ya namna hiyo. Tutajifunza jinsi ya kujua ni wanachama wangapi wamepimwa lehemu katika damu, na hasa wangapi hawajapimwa. Inafaa lisomwe katika kikundi, kama yalivyosomwa masomo ya kampeni ya “Mtu ni Afya” mwaka 1973, wakati watu wapatao milioni mbili nchini walipokusanyika kuzunguka redio zao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

1. LEHEMU NI NINI?

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta yaliyomo katika damu. Mwili unaihitaji, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Madhara huja inapozidi. Hujijenga katika kuta za mishipa ya damu mwaka hata mwaka, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hupata shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, hupata kiharusi.

Yafaa ieleweke kwamba lehemu iliyozidi haiumi. Haileti homa wala kikohozi, na mtu mwembamba anayelima kutwa nzima anaweza kuwa nayo. Hakuna njia ya kuitambua ila kupima damu. Katika vipimo vingi, lehemu ya jumla inayofikia milimoli 5 kwa lita au zaidi huhesabiwa kuwa imezidi.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na lehemu iliyozidi. Idadi kama hiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu.

2. KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA?

Katika vyama vingi vya tumbaku wanachama huchukua pembejeo kwa mkopo na kudhaminiana. Mwanachama akipatwa na kiharusi mwezi wa Januari, miche ikiwa imekwisha kupandwa shambani, mavuno yake hupungua au hupotea kabisa. Deni lake halipotei. Linabaki kwa mke au mume wake, na wenzake waliomdhamini hukatwa sokoni. Kwa hiyo mshipa wa damu wa mtu mmoja ni sehemu ya hesabu za chama kizima, hata kama haumo katika vitabu.

3. JINSI YA KUKOKOTOA KIWANGO CHA UPIMAJI

Kila katibu anajua kulinganisha makisio ya mazao na mauzo. Hatosheki kusema, “Tumeuza kilo nyingi.” Huuliza: nyingi kati ya makisio gani, na katika msimu upi? Kiwango cha upimaji hupatikana vivyo hivyo. Huhitaji mambo matatu:

(a) Idadi ya wote wanaostahili kupimwa. Hii hutoka katika rejista ya wanachama.
(b) Idadi ya waliopimwa miongoni mwa hao hao.
(c) Muda unaohesabiwa.

Tuchukue chama cha mfano chenye wanachama 400. Kwa ushauri wa mganga, chama kimeamua kuanza na wenye umri wa miaka 40 na zaidi, nao ni 250. Siku ya Mkutano Mkuu wahudumu wa afya wanakuja, na watu 90 wanapimwa. Katibu anaandika: “Upimaji umefana, watu 90 wamepimwa.” Lakini anapofungua rejista anagundua kwamba 40 kati yao ni vijana wasiofikia umri huo. Waliostahili waliopimwa ni 50 tu.

Kiwango ni 50 kugawanya kwa 250, yaani asilimia 20. Wanachama 200 hawajapimwa. Ikiwa uwiano ule wa mmoja kati ya wanne unafaa kwao, basi watu wapatao 50 wanatembea na lehemu iliyozidi bila kujua. Taarifa ya watu 90 iliwaficha wote hao.

Muda nao ni lazima utajwe. Nchini Marekani, kwa mfano, mwaka 2008 watu wazima wapatao 75 kati ya kila 100 walikuwa wamepimwa lehemu katika miaka 5 iliyotangulia. Bila maneno “katika miaka 5”, tarakimu hiyo isingetueleza kitu.

4. MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuhesabu waliokuja na kuwasahau wasiokuja. Mara nyingi wanaokuja ni wale wanaokaa karibu na ofisi na wenye nafasi. Wasiokuja ni mwanachama wa kitongoji cha mbali, mama aliyebaki na mgonjwa nyumbani, na mvutaji sigara anayeogopa kukaripiwa. Huenda hao ndio wanaohitaji kipimo zaidi.

Kosa la pili ni kufanya upimaji wa siku moja kisha kuusahau. Wilson na Jungner, walioandika kanuni za uchunguzi wa magonjwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, walisisitiza kwamba kazi hii ni ya kuendelea, na kwamba wanaokutwa na ugonjwa lazima wapate tiba. Kumwambia mtu ana hatari kisha kumwacha njiani si huduma.

Turudi kwenye mfano wetu. Kati ya 50 waliopimwa, 12 walikutwa na lehemu iliyozidi. Baada ya miezi mitatu, 3 tu walikuwa wamerudi kwa mganga. Hiki ni kiwango cha pili ambacho katibu anapaswa kukijua: 3 kati ya 12, yaani asilimia 25.

Kosa la tatu ni kutangaza majibu ya watu. Katibu aandike tarehe ya kupimwa tu. Majibu ni siri ya mwanachama na mganga wake.

5. PASIPO NA KIPIMO

Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo cha lehemu. Hilo lisituzuie. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi, na mojawapo haihitaji maabara. Hutumia umri, jinsia, uvutaji sigara, shinikizo la damu, na uzito ukilinganishwa na urefu. Anayeonekana kuwa na hatari kubwa hupelekwa hospitali kwa kipimo kamili. Kwa lehemu ya jumla si lazima mtu afunge kula. Kwa vipimo vingine mhudumu ataelekeza.

Dawa ziitwazo statini hupunguza lehemu. Mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa wa moyo 4,444 katika nchi za Skandinavia ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja miongoni mwa waliozitumia. Huandikwa na mganga, wala mtu asizinunue kwa kusikia. Chakula nacho kina nafasi yake: mafuta ya alizeti na ya karanga ni afadhali kwa mishipa kuliko mawese na samli. Juu ya sigara tuseme kweli, ingawa tumbaku ndiyo inayotulipia ada za shule. Kuilima ni riziki yetu. Kuivuta kunaharibu mishipa ile ile tunayoizungumzia.

6. MASWALI YA KUJADILI

(a) Katika chama chetu, ni wanachama wangapi wenye umri wa miaka 40 na zaidi? Je, rejista yetu inaonyesha umri?
(b) Ni nani wasioweza kufika siku ya mkutano, na tuwafikie kwa njia gani?
(c) Hospitali gani iliyo karibu nasi hupima lehemu, na kwa gharama gani?
(d) Wanachama wangapi wana bima ya afya?

7. KAZI YA KUFANYA

Kabla ya Mkutano Mkuu ujao, Katibu aandae daftari lenye safu nne: namba ya mwanachama, umri, tarehe ya kupimwa, na tarehe ya kurudi kwa mganga kwa yule aliyeelekezwa kurudi. Katika mkutano asome viwango viwili tu, cha waliopimwa na cha waliorudi, bila jina la mtu yeyote. Kisha Kamati igawane vitongoji na kuwafuata wale ambao safu yao ya tatu ni tupu. Kazi ya upimaji inaanzia kwa hao.