Jinsi ya Kusoma Ramani ya Kingo za Mto Tana

Mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, ndio mrefu zaidi nchini. Mafuriko yake ya masika na vuli hunywesha msitu wa kando ya mto, huacha tope lenye rutuba mashambani na kuotesha nyasi za mifugo wakati wa kiangazi.

Upande wa juu yapo mabwawa matano ya Seven Forks: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988).

Bwawa hubadilisha nini?

Kwanza, mchanga na tope hutuama bwawani. Maji yanayotoka yakiwa mepesi hukwangua sakafu na kingo za mto hadi yabebe mzigo mwingine. Ndiyo maana Tana huonekana mwekundu tena kabla ya kufika nyanda za chini.

Pili, mafuriko ya kawaida hupungua. Miti kadhaa ya kando ya mto huota kwenye mchanga mpya ulioachwa na mafuriko. Mafuriko yakikosa, miti mizee hubaki imesimama kwa miaka mingi, lakini miche haipo. Msitu huo ndio makao ya mbega mwekundu wa Tana, asiyepatikana kwingineko duniani.

Ramani hutengenezwaje?

Setilaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu mwaka wa 1972. Majani mabichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Kompyuta hulinganisha mianga hiyo na kutenga mimea, mchanga na maji. Picha za miaka tofauti zikiwekwa pamoja, huonyesha mahali mto umehama na msitu umepungua.

Mambo matatu ya kuzingatia

1. Linganisha picha za msimu mmoja. Picha ya Mei na ya Septemba zitatofautiana hata kama hakuna kilichoharibika.

2. Kijani si lazima kiwe msitu. Mathenge huonekana kijani pia, kwa hivyo ni lazima watu watembee nyanjani kuhakikisha.

3. Kila kisanduku cha picha nyingi za Landsat ni mita 30 kwa 30, karibu robo ekari. Ukingo uliomegeka mita tano huenda usionekane.

Hapo ndipo mkaazi anahitajika. Mkulima anaweza kupima kwa hatua umbali kutoka mti mkubwa hadi ukingoni kila baada ya mafuriko, na kuandika tarehe. Mfugaji anajua malka ipi imezibwa na mathenge. Wazee wanakumbuka mto ulikopita zamani.

Kumbukumbu hizo ziletwe kwenye baraza na vikao vya umma vya wadi, maana ndiko mipango ya kupanda miti na ya mahali pa kujenga shule, zahanati na visima hujadiliwa. Jengo likiwekwa karibu na ukingo unaomegeka, mto utalifikia.