Malwa: Ladha Yake na Chakula Kinachoendana Nayo

Malwa ni pombe ya wimbi. Ukiingia kilabu kati ya Nabuyoga na Busia, mashariki mwa Uganda, utaikuta, hata kama Wajopadhola wataiita kongo na Wateso ajono. Mgeni aliyezoea bia ya chupa huanza kwa kuuliza ina nguvu kiasi gani. Swali lenye faida zaidi ni hili: chungu hiki kina siku ngapi? Jibu litakueleza ladha utakayoikuta, na hata chakula cha kuagiza.

Wimbi ni mwenyeji hapa. Wataalamu wa mimea huutaja miongoni mwa nafaka zilizoanza kulimwa nyanda za juu za Uganda na Ethiopia, maelfu ya miaka iliyopita, kisha ukavuka bahari hadi India. Mahindi, yanayotiwa kwenye pombe ya busaa upande wa Kenya, yalitoka Amerika na kufika baadaye sana. Busaa ya mahindi mengi, kwa ulimi wangu, haina ule uzito wa malwa.

Ladha huanza kabla ya chungu. Unga wa wimbi hulowekwa kwa maji kidogo, ukafunikwa kama wiki moja hadi uchachuke, kisha hukaangwa kwenye bati juu ya moto na kuanikwa juani. Kwenye kukaanga ndiko inakotoka rangi ya kahawia na harufu ya mkate uliobabuka. Baadaye mpishi huuchanganya na maji na kimea, yaani wimbi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Mpishi aliyekaanga kwa haraka utamjua: pombe yake ni chachu tupu.

Siku ya pili malwa bado ina utamu wa kimea. Kufikia ya nne utamu umekwisha, uchachu umepanda na kileo kimeongezeka. Tena chungu kimoja hubadilika mezani: maji moto yanayomiminwa kwanza chunguni hutoa pombe nzito, na kila birika linaloongezwa huipunguzia makali. Anayetaka ladha kamili asichelewe kufika.

Chakula nacho kifuate umri wa chungu. Malwa changa yenye utamu huenda na karanga za kukaanga au kumbikumbi wa msimu, kwa kuwa chumvi huuinua ule utamu. Iliyokomaa inataka mafuta: mbuzi wa kuchoma, au ngege wa Ziwa Victoria aliyekaangwa akakauka. Uchachu hukata mafuta, na moshi wa nyama hukutana na harufu ya wimbi uliokaangwa. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoifanya divai nyeupe ya Chenin Blanc kutoka Dodoma ipendeze na samaki. Majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga pia hufaa. Mihogo ya kuchemsha haiongezi ladha, ila hushibisha, na tumbo lenye chakula hulewa polepole. Mandazi na soda waachie watoto. Vitu vitamu huifanya malwa iliyokomaa ionekane kama siki.

Malwa hunywewa kwa mrija kutoka chungu cha pamoja, na kuna adabu zake. Shika mrija kwa mkono wa kulia, usipulize mapovu chunguni, na usiuchomoe ovyo, kwani kichujio cha nchani ndicho kinachozuia makapi. Beba mrija wako mwenyewe. Mrija unaopita midomo mingi hupitisha maradhi, na uungwana wa kushiriki chungu haupungui kwa kila mtu kuwa na wake. Hakikisha maji yanayoongezwa yamechemka kweli. Ya vuguvugu hayaui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo.

Malwa haina lebo, lakini usidhani ni uji. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mjamzito asiinywe, wala asipewe mtoto, hata ile nyepesi ya maji ya mwisho. Usiichanganye na waragi, ambayo imekenekwa na ina kileo kikali mara nyingi zaidi. Na kama umekuja kwa pikipiki, iache kilabuni; utaifuata kesho.